Jimbo la Danube, 1864–1878: uchambuzi wa kisa cha mageuzi ya utawala katika Balkani ya Waosmani

Kisa chenyewe

Kisa hiki kinahusu jimbo moja la Milki ya Osmani, Jimbo la Danube, lililoundwa mwaka 1864 kusini mwa mto huo na kutoweka miaka 14 baadaye, pale vita na mkataba wa amani vilipoligawa kati ya Bulgaria, Serbia na Romania. Limechaguliwa kwa kuwa lilikuwa jimbo la majaribio: sheria ya utawala wa mikoa iliyokuja kuenea katika milki nzima ilijaribiwa huko kwanza, chini ya liwali mwenye uwezo mkubwa na aliyeungwa mkono na serikali kuu. Viongozi wanaotajwa kwa majina ni watu wanaojulikana katika historia. Wakulima, makarani na wajumbe wa mabaraza wanaelezwa kwa nafasi zao tu.

Swali linaloongoza uchambuzi ni hili: imekuwaje utawala uliojenga mengi kwa muda mfupi ushindwe kupata imani ya sehemu kubwa ya raia wake, wakati mfuko mdogo wa mikopo ya wakulima, ulioanzishwa katika mazingira yaleyale, ulidumu hata baada ya jimbo lenyewe kufa?

Usuli

Kabla ya 1864 nchi hiyo ilikuwa na majimbo matatu ya mtindo wa zamani: Silistra, Vidin na Niš. Mwaka 1839 Sultani Abdülmecid alikuwa ametoa tamko la Gülhane, akiahidi usalama wa maisha, heshima na mali kwa raia wote, na kodi yenye kiwango kinachojulikana. Mwaka 1856, baada ya Vita vya Krimea, tamko jingine liliongeza ahadi ya usawa kati ya Waislamu na wasio Waislamu, hadi katika ajira za serikali na mabaraza ya mikoa. Ahadi zilikuwa nzito, lakini vyombo vya kuzitimiza vilikuwa dhaifu. Jaribio la mwaka 1840 la kupeleka watoza kodi wa serikali kuu kila mahali liliachwa mapema mwaka 1842, na haki ya kukusanya zaka ya mazao ikarudi kupigwa mnada kwa watu binafsi, ambao walilipa hazina kiasi walichoahidi na kujitahidi kupata faida yao kwa mkulima.

Katika eneo la Vidin hasira ya wakulima ililipuka mwaka 1850. Ardhi kubwa huko ilikuwa mikononi mwa mabwana Waislamu, na Wabulgaria walioilima walidaiwa mazao na siku za kazi ambazo tamko la Gülhane lilikuwa limewafanya waamini kwamba zimekwisha. Uasi ulizimwa kwa umwagaji damu, lakini chanzo chake kilibaki. Mwaka 1860 malalamiko yalikuwa yamefika mbali kiasi kwamba waziri mkuu, Kıbrıslı Mehmed Emin Paşa, alisafiri mwenyewe hadi Balkani kuwasikiliza raia. Serikali ilikuwa na sababu ya kuharakisha: Serbia ilikuwa tayari inajitawala kwa sehemu kubwa, Moldavia na Wallachia zilikuwa zimeungana mwaka 1859 ng'ambo ya mto, na Urusi ilijitangaza kuwa mlinzi wa Wakristo wa Orthodoksi. Kosa lolote la karani au askari katika kijiji cha mpakani liliweza kugeuka shauri la mabalozi.

Mwaka 1861 Midhat Paşa aliteuliwa kuwa liwali wa Niš. Alizaliwa Istanbul mwaka 1822, katika familia yenye asili ya Rusçuk, mji unaoitwa leo Ruse, na alikuwa amepanda ngazi za ukarani hadi kuaminiwa katika ukaguzi wa mambo magumu mikoani. Huko Niš alianza kwa kuwaita wakubwa wa Waislamu na wa Wakristo na kuwauliza kinachowasumbua. Majibu yao yalihusu mambo ya kawaida kabisa: njia mbovu, wanyang'anyi, kodi isiyo na mpangilio, na riba. Mengi aliyoyafanya baadaye yalitokana na orodha hiyo.

Sheria ya 1864 na muundo wake

Matokeo ya Niš yalimfanya Fuad Paşa, aliyekuwa waziri mkuu, amwite Midhat Istanbul ili washirikiane kuandaa sheria mpya. Sheria hiyo ilitoka Novemba 1864. Majimbo matatu yaliunganishwa kuwa moja, makao makuu yakawa Rusçuk, na jimbo likagawanywa katika sanjaki (mikoa midogo) saba: Rusçuk, Varna, Vidin, Tırnova, Tulça, Sofia na Niš. Liwali aliongoza jimbo, mutasarifu aliongoza sanjaki, kaimakamu aliongoza kaza, yaani wilaya ndani ya sanjaki, na chini kabisa kila kijiji kilikuwa na mukhtari wake, yaani mkuu wa kijiji. Mfumo ulifanana kwa kiasi na ule wa mikoa ya Ufaransa, lakini mwiko mkubwa wa zamani ndio uliovunjwa hapa: polisi, kazi za umma, mambo ya nje na uandishi wa serikali vyote viliwekwa chini ya usimamizi wa liwali mmoja, ingawa mhasibu mkuu aliendelea kuwajibika kwa Wizara ya Fedha.

Kila ngazi ilipewa baraza la utawala. Maofisa, kadhi na viongozi wa dini waliingia kwa vyeo vyao; wengine walichaguliwa, nusu Waislamu na nusu wasio Waislamu. Juu ya hayo kulikuwa na baraza kuu la jimbo, lililokutana mara moja kwa mwaka kwa muda usiozidi siku 40, kila sanjaki ikituma wajumbe 4, wawili Waislamu na wawili wasio Waislamu. Baraza hilo lilijadili barabara, kilimo, biashara na mgawanyo wa kodi, na mapendekezo yake yalihitaji kibali cha Istanbul.

Utaratibu wa uchaguzi unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndani yake mna nusu ya maelezo ya yaliyofuata. Tuseme baraza la sanjaki linahitaji wajumbe 4. Kamati ya maofisa na wakubwa wa mji iliandika majina 12, yaani mara tatu ya idadi inayotakiwa. Orodha ilipelekwa chini kwenye mabaraza ya kaza, ambayo yalipiga kura na kufuta theluthi moja. Majina 8 yaliyobaki yalirudi juu, na liwali akachagua 4 anaowataka. Kwa hiyo mpiga kura hakuweza kuleta jina lake mwenyewe wala kuwa na hakika kwamba aliyempa kura nyingi zaidi ataketi barazani. Aliloweza ni kumkataa mtu asiyevumilika.

Waandishi wa sheria walikuwa na sababu zao, na si haki kuzipuuza. Waliogopa kwamba uchaguzi ulio wazi ungewarudisha madarakani mabwana wa ardhi na matajiri wa vijijini, walewale waliowanyonya wakulima. Na waliogopa pia kwamba mabaraza yangegeuka majukwaa ya wanaotaka kujitenga. Walitaka sauti ya raia isikike bila kuwafunga mikono watawala.

Mfuko wa wakulima

Uamuzi ulioleta faida ya kudumu zaidi ulitangulia sheria yenyewe. Mwaka 1863, katika mji wa Pirot, Midhat alianzisha mfuko wa kwanza wa mikopo ya wakulima. Mkulima wa eneo hilo alihitaji fedha wakati wa kupanda na kupata fedha wakati wa kuvuna; katikati alikopa kwa mfanyabiashara, na riba iliweza kumla mavuno yake yote na ya mwaka unaofuata. Serikali haikuwa na mtaji wa kumpa. Jibu lilikuwa kutumia desturi ambayo vijiji vilikuwa nayo tayari, ya watu kusaidiana kazi za shamba: kijiji kililima kipande cha ardhi kwa nguvu ya wote, mazao yakauzwa, na fedha zikaingia katika mfuko kama mtaji wa wanakijiji wenyewe.

Mkopo ulitolewa kwa muda wa miezi 3 hadi 12, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, na mkopaji alihitaji mdhamini. Mfuko ulisimamiwa na watu 4 waliochaguliwa na wenyeji, Waislamu wawili na Wakristo wawili, na sehemu ya faida ilitumika kwa mahitaji ya eneo hilo, shule zikiwemo. Mkulima aliyeshindwa kulipa hakuwa akiidhulumu hazina ya mbali. Alikuwa amekula jasho la majirani waliolima pamoja naye, na mdhamini wake aliishi nyumba ya pili. Mwaka 1867 kanuni ilitolewa ya kuieneza mifuko hiyo katika milki nzima.

Barabara, meli na nyumba za yatima

Midhat alitawala kutoka Rusçuk kuanzia 1864 hadi 1868, na kasi ya kazi zake bado inashangaza. Upande wake ulihesabu barabara za takriban kilomita 3,000 na madaraja zaidi ya 1,400. Hata mtu akipunguza hesabu hizo kwa tahadhari, mabadiliko yalionekana: mikokoteni ya mizigo ilipita mahali ambapo awali walipita farasi tu. Utawala wa jimbo uliendesha meli za mvuke mtoni chini ya bendera ya Osmani, ukishindana na kampuni ya Austria iliyokuwa imezoea kuutawala usafiri huo. Reli kati ya Rusçuk na Varna, iliyojengwa na kampuni ya Kiingereza kwa kibali kilichotolewa kabla ya jimbo kuundwa, ilifunguliwa mwaka 1866, na mwaka uliofuata Sultani Abdülaziz mwenyewe aliipanda akirejea kutoka safari yake ya Ulaya.

Katika Niš, Rusçuk na Sofia zilifunguliwa nyumba za kulelea watoto yatima, Waislamu na Wakristo pamoja, ambamo walifundishwa kusoma na kazi za mikono kama ushonaji wa nguo na viatu. Rusçuk ilipata taa za barabarani, hospitali, hoteli na shamba la mfano lenye zana za kisasa. Machi 1865 kiwanda cha chapa cha jimbo kilitoa gazeti, Tuna kwa Kituruki na Dunav kwa Kibulgaria, na liliendelea kuchapishwa hadi 1877.

Ofisi za Rusçuk ziliwavuta vijana wenye kipaji wa mataifa mbalimbali. Dragan Tsankov, Mbulgaria aliyefanya kazi serikalini na katika gazeti hilo, alikuja kuwa waziri mkuu wa Bulgaria. Ismail Kemal, kijana wa Kialbania aliyelelewa kikazi na Midhat, ndiye aliyetangaza uhuru wa Albania mwaka 1912. Jimbo liliwapa shule ya utawala. Hawakupata ndani yake sababu ya kutosha ya kubaki Waosmani.

Wapo waliolipa gharama ya kazi hizo. Barabara nyingi zilijengwa kwa siku za kazi za lazima, na mwanakijiji aliyeitwa kuchonga mawe wakati wa palizi hakuiona barabara kwa jicho la mfanyabiashara wa Varna.

Wakimbizi

Wakati huohuo jimbo lilibeba mzigo ambao halikuuchagua. Baada ya Vita vya Krimea, Watatari wengi waliihama Krimea, na wengi wao wakafika Dobruja, eneo lililo kati ya Danube na Bahari Nyeusi, ambako mji wa Mecidiye ulijengwa kwa ajili yao. Mwaka 1864 Urusi ilikamilisha kuiteka Kaukazi ya magharibi na kuwafukuza Wacherkesi, na makumi ya maelfu wakaletwa katika Jimbo la Danube, wagonjwa na mikono mitupu. Vijiji viliamriwa kutoa nafaka, mbao na nguvu kazi ya kuwajengea nyumba. Serikali iliona faida mbili: kuwaokoa Waislamu wenzao, na kuweka watu waaminifu karibu na mpaka. Lakini familia ya Kibulgaria ambayo ilitakiwa kumpa mgeni ardhi na nafaka, kisha ikaibiwa mifugo na baadhi ya wageni hao ambao nao walikuwa na njaa, ilihesabu jambo hilo kuwa sera ya serikali dhidi yake. Wacherkesi walikuwa wahanga wa unyama mkubwa, na hilo halipaswi kusahauliwa. Uamuzi wa kuwaweka pale, kwa gharama ya majirani wao wapya, ulifanywa bila majirani hao kuulizwa.

Mkono wa chuma

Mwaka 1867 vikosi vidogo vya Wabulgaria wenye silaha, vikiongozwa na Panayot Hitov na Filip Totyu, vilivuka Danube kutoka Romania. Midhat alijibu kwa haraka na ukali: aliunda mahakama maalumu, na watu kadhaa wakanyongwa, baadhi wakiwa vijana wa miji ya jimbo lenyewe. Agosti mwaka huohuo polisi waliingia katika meli ya Austria, Germania, iliyotia nanga Rusçuk, kuwakamata abiria wawili, Mbulgaria mmoja na Mserbia mmoja. Wawili hao walipambana kwa silaha na wakauawa ndani ya meli, jambo lililoleta malalamiko ya kibalozi na kuwapa maadui wa liwali hoja iliyo tayari.

Katika kipindi hicho alipendekeza pia shule za pamoja kwa watoto wa Waislamu na wa Wakristo, akiamini kwamba vijana waliokwenda kusoma Urusi walirudi wakiwa wapinzani. Wabulgaria walikuwa wamejijengea shule zao kwa michango yao wenyewe na waliliona pendekezo hilo kama njia ya kuwanyang'anya. Halikufanikiwa.

Mapema mwaka 1868 Midhat aliitwa Istanbul kuongoza Baraza la Dola lililoundwa mwaka huo. Kikosi cha Hadzhi Dimitar na Stefan Karadzha kilipovuka mto katika kiangazi, alirudishwa Rusçuk kwa muda mfupi kukizima. Mwaka 1869 alipelekwa Baghdad.

Matokeo

Sheria ya mikoa ilikuwa imeshavuka mipaka ya Danube: majimbo mengine yaliundwa kwa mfano wake kuanzia 1865, mwaka 1867 ikatangazwa kuwa ya jumla, na mwaka 1871 ikarekebishwa kwa undani zaidi. Rusçuk, kwa upande wake, ilipata maliwali wengi waliobadilishwa kabla ya kuifahamu kazi, huku hazina ya Istanbul ikizama katika madeni yaliyoanza mwaka 1854 hadi Oktoba 1875 serikali ilipotangaza kwamba haiwezi kulipa riba zote. Mwaka 1870 kanisa la Kibulgaria lilipata uongozi wake, na kwa mara ya kwanza Wabulgaria wakawa na chombo kikubwa kinachotambuliwa kisheria na wanachokiona ni chao.

Uasi wa Aprili 1876 uliwaka zaidi kusini, katika Jimbo la Edirne, lakini uligusa pia eneo la Tırnova ndani ya Jimbo la Danube. Ukatili wa wanamgambo wa upande wa Osmani dhidi ya raia ulileta ghadhabu Ulaya nzima. Aprili 1877 Urusi ilitangaza vita. Mwishoni mwa Juni majeshi yake yalivuka Danube karibu na Svishtov, na Plevna, mji wenye ngome ya Waosmani, ikaanguka Desemba 10 baada ya kuzingirwa kwa miezi. Mkataba wa Berlin wa Julai 1878 ulimaliza jimbo: sehemu kubwa ikawa Utawala wa Bulgaria, Niš na Pirot zikaenda Serbia, na Tulça ikaenda Romania.

Uchambuzi

Kilichofaulu kwa hakika ni mifuko ya wakulima. Katika upande uliobaki chini ya Waosmani ilikuja kuwa msingi wa Ziraat Bankası, benki ya kilimo iliyoundwa mwaka 1888; katika upande wa Bulgaria iliendelea kama mifuko ya kilimo na mwaka 1903 ikageuzwa kuwa Benki ya Kilimo ya Bulgaria. Dola mbili zilizopigana zilirithi chombo kimoja. Sababu iko katika muundo wake: mtaji ulikuwa wa wenyeji, wasimamizi walitoka kwao, na manufaa yalimrudia aliyechangia. Liwali alipoondoka, mfuko haukuhitaji saini yake ili kutoa mkopo.

Barabara na meli zilifaulu kama kazi za uhandisi, lakini uendelevu wake ulitegemea bidii ya mtu mmoja na fedha ambazo hazikuwa mikononi mwa jimbo. Baraza kuu liliweza kupendekeza daraja. Halikuweza kupanga bajeti yake. Kodi iliyopatikana ilipelekwa juu kabla ya mahitaji ya chini kutoshelezwa, na mnada wa zaka uliendelea kuwa sura ya serikali ambayo mkulima aliiona kila mavuno. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote ya mageuzi, kubwa hata kuliko ukali wa 1867: raia alitakiwa kuchangia nguvu zake na kodi yake katika mpango ambao hakuwa na mamlaka ya kuubadilisha hata kidogo.

Mabaraza yanahitaji hukumu ya tahadhari. Mkristo kuketi meza moja na kadhi na kutia muhuri wake kwenye maamuzi lilikuwa jambo kubwa katika jamii ile, na mabaraza hayo yaliwazoesha watu wengi kazi ya hadhara. Hata wabunge wa bunge la kwanza la Osmani, lililofunguliwa Machi 1877 chini ya katiba ambayo Midhat alikuwa mwanzilishi wake mkuu, walichaguliwa na wajumbe wa mabaraza ya mikoa. Lakini usawa wa nusu kwa nusu uliwapa Wabulgaria sauti ndogo kuliko idadi yao katika sanjaki nyingi, na maofisa walioingia kwa vyeo, wengi wao Waislamu, waliinamisha mizani zaidi. Ukiongeza utaratibu wa majina 12, 8 na 4, unapata wajumbe ambao wanakijiji waliwaona kuwa watu wa liwali. Lilipofika suala linalouma, kama ardhi ya wakimbizi au siku za kazi za barabarani, wajumbe hao hawakuwa na nguvu ya kulipinga wala heshima ya kulitetea mbele ya waliowatuma.

Inasemwa mara nyingi kwamba jimbo liliuawa na Urusi, na ni kweli kwamba bila majeshi ya Urusi lisingeanguka mwaka 1878. Hata hivyo maelezo hayo hayagusi jambo lililotokea mapema zaidi, ndani ya miaka minne ya utawala bora kuliko wote ambao eneo hilo lilipata chini ya Waosmani: vijana wa miji iliyonufaika na barabara, reli na gazeti ndio walioanza kuvuka mto kwenda Romania kutafuta silaha. Walisoma, wakafanya biashara, wakaona dunia, kisha wakarudi kwenye baraza ambamo jina la mjumbe wao liliteuliwa na mtu mwingine. Mwaka 1879, katika mji wa Tırnova uleule uliokuwa makao ya sanjaki, bunge la Wabulgaria lilikutana kuandika katiba, na haki ya kuchagua wabunge ilitolewa kwa wanaume wote wazima, bila orodha ya kuchujwa na liwali.